Mbwa Aliyeitwa Muongo

Soko la Nyawera lilikuwa limejaa mpaka pa kukanyaga hakuna, na ndipo mbwa mdogo wa Ornella alipochagua kuchomoka kikapuni na kujitia chini ya meza ya nyanya. Ornella alikuwa ametoka misa, pagne yake ya kitenge cha kijani imembana kiunoni, hawezi kuinama. Aliyeinama alikuwa kijana mrefu mwenye glacière, kisanduku cha barafu cha kubebea chanjo, begani.

"Maman, imbwa yako inatetemeka. Ilishachanjwa?"

"Maman ya nani? Niko na miaka vingt-cinq tu!"

"Pardon, mademoiselle. Basi acha niulize imbwa."

Ornella alicheka bila kupenda. Kijana aliitwa Gentil, daktari wa mifugo, aliyezunguka mitaa na pikipiki akichanja mbwa. Kesho yake alifika kwao Nguba, akakunja ngozi ya shingo ya yule mdogo, akadunga. Mbwa hakulia. Aliyefumba macho ni Ornella.

"Nitarudi kwa rappel, sindano ya pili," alisema Gentil. "Inaomba wiki kadhaa."

Wiki gani! Alirudi kesho kutwa, akarudi tena, wiki hadi wiki, kila mara eti anaangalia kama mbwa anakula. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na uani pale hata kuku walijua. Kabla ya kwenda Kamituga kikazi, alipiga simu.

"Chérie, samedi nitakuja kusalimia papa yako. Na baba yangu mudogo, tonton Donatien, tuombe ndoa."

"Kweli, Gentil? Usinichezee."

"Kweli kabisa, roho yangu."

Jumamosi baba alivaa koti tangu asubuhi. Mama alikaanga sambaza, vidagaa vya ziwani. Jua likazama, koti likavuliwa, na hakuna aliyemwuliza Ornella neno, jambo lililomuumiza kuliko matusi. Simu ya Gentil ilikuwa imezimwa. Jumapili imezimwa. Jumatatu vilevile. Ornella alikaa, akasimama, akafagia palipofagiliwa, akachungulia simu, akaitupa kitandani, akaifuata. Alimpenda, na aliona haya kwamba bado anampenda.

Sasa, kwa akina Ornella, mtu akiwa na neno asiloweza kumwambia mwenzake usoni, humpa mbwa wake liwe jina. Yule mdogo alikuwa bado hana jina. Jumanne asubuhi Ornella alisimama mlangoni akaita kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani:

"Muongo! Muongo, kuja kula!"

Mlango wa pili ukafunguka kwa kishindo. Maman Clémence, jirani aliyekuwa amegombana na mama yake juu ya bomba la maji, alitoka na kitambaa kimelegea kichwani.

"Ornella! Unaita nani muongo?"

"Imbwa, maman."

"Imbwa! Mi niko mutoto? Leo utasema mbele ya batu bote hiyo jina ni ya nani!"

Majirani wakatoka. Ornella aliona njia mbili tu: auache ugomvi wa mama yake uwake upya, au aianike aibu yake mwenyewe uani.

"Haiko yako, maman," alisema, machozi yakimlenga. "Ni ya Gentil. Alinidanganya, papa akangoja bure. Na miye namupenda, njo maana iko naniuma."

Kisha watu wote wakatazama getini, naye akageuka. Gentil alikuwa amesimama pale, matope mpaka magotini, glacière begani.

"Camion ilinasa mu matope, njia ya Mwenga, nikitoka Kamituga," alisema. "Telefone ikakufa. Sikufika ata kwangu, chérie. Nimekuja hapa kwanza."

"Ungeazima telefone ya mutu!"

"Numéro yako iko mu telefone. Haiko mu kichwa."

"Ujifunze!"

Ornella alimshikia mbwa hata hivyo, maana siku ya rappel ilikuwa imefika. Mikono yao ikagusana kwenye manyoya, na Ornella hakuuondoa wake. Gentil akadunga sindano ya pili.

"Mangaribi ya leo nitafika na tonton," alinong'ona. "Naapa."

"Usiape. Fika. Ukifika, nitaibadilisha jina."

Maman Clémence alivuta kiti chake cha plastiki akakiweka katikati ya geti, akaketi, akafunga vizuri kitambaa chake.

"Usiogope, mutoto wangu," alimwambia Ornella, macho yakiwa kwa Gentil. "Miye nitamungojea hapa. Asipofika, kesho nanunua imbwa yangu, na jina nimeshaiwaza."