Sentensi ya Jumapili

Duka la fotokopi lilikuwa limefurika watu hadi barabarani. Mwanamke mmoja, gauni la bluu na viatu vyeupe vya kinesi, akachukua karatasi zisizo zake akaondoka nazo. Mwalimu akamfuata mbio.

"Dada! Hayo ni mazoezi ya wanafunzi wangu wa Kiingereza!"

Yule dada akazitazama, akaangua kicheko. "Kumbe ndiyo maana sielewi kitu! Na mtihani wa Kiingereza ndio unaonizuia kwenda kufanya kazi ng'ambo. Unafundisha na vichwa vigumu?"

"Vigumu kuliko changu?"

"Tutaona."

Basi Nesi huyo akaingia darasa la jioni, na moyo wa Mwalimu nao ukaingia matatani. Somo lilikuwa kulinganisha, na Mwalimu alikuwa na ugonjwa mmoja: hapitishi kosa. Mtu akisema "bora zaidi sana" anamkata. Akilinganisha kulala na chai, anamkata vilevile. "Vinavyolingana! Upande huu kitendo, upande ule kitendo!"

"Mpenzi," Nesi alimtania siku moja wakitoka darasani, "hivi hata ndotoni unasahihisha watu?"

"Nikikuota wewe, hapana."

Walicheka hadi wapita njia wakageuka. Lakini kumwambia abaki, Mwalimu hakuthubutu. Angeanzaje, na yeye ndiye anayemfundisha ili afaulu aondoke? Akameza.

Nesi akafaulu. Jumapili, mkataba wa kazi uko mezani unangoja saini, alimpigia Mwalimu simu. Aliongea Kiingereza, maana kwa lugha ya nyumbani aliona haya. Alisema anapenda kubaki naye kuliko anaondoka.

"Kuliko kuondoka," Mwalimu akadakia. "Kubaki, kuondoka. Pande zilingane. Hebu rudia, mpenzi."

Nesi akarudia polepole, bila kosa hata moja.

"Safi kabisa!"

Simu ikakatika. Mwalimu akaendelea kupiga pasi shati lake, anatabasamu, masikini. Alikuwa amefika kwenye kola maneno yalipomwingia. Lahaula! Mtihani ulishapita, mazoezi ya nini tena? Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena. Jumatatu asubuhi Nesi alisaini.

Siku ya safari Mwalimu alimkuta Nesi nje ya uwanja wa ndege, amevaa koti zito ambalo bado halijamzoea.

"Nilikuwa mjinga, mpenzi. Nilisikia kosa, wewe sikukusikia."

"Nilingoja uniambie baki. Neno moja tu. Ukanipa maksi."

"Baki sasa."

"Nimeshasaini miaka mitatu, na hospitali ya hapa wameshaweka mtu kwenye nafasi yangu. Umechelewa."

Mwalimu akataka kumwambia kwa Kiingereza, kama Nesi alivyomwambia Jumapili ile, kwamba anampenda kuliko chochote. Maneno yakamtoka ovyo, upande huu hivi, upande ule vile, machozi katikati. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angemcheka.

Nesi alimfuta shavu kwa ncha ya mtandio wake, na yeye mwenyewe akilia.

"Nimekosea?" Mwalimu akauliza.

"Umekosea kote."

"Nisahihishe basi."

"Sikusahihishi. Nimekuelewa."

Akashika begi lake, akaingia ndani.