Kabureta katika Bakuli la Kombe

Kabureta iliyofunguliwa hunuka petroli iliyolala. Hii ilinukia marashi ya waridi.

Mwero wa Kalama aliinusa tena, kwa kuwa hakuiamini pua yake. Alikuwa ameketi barazani kwake Kinondo tangu asubuhi, pikapu yake ya zamani, aina ya Pijo, ikiwa uani na boneti wazi, na kabureta imetandazwa vipande vipande juu ya gunia. Miaka yote aliyoendesha magari ya hoteli kule Diani hakumwachia fundi kazi hiyo. Siku hiyo alikosa kopo safi, akachukua bakuli jeupe la kauri kabatini, akalitia petroli, akatumbukiza jeti humo. Jeti ni kijipande cha shaba chenye tundu jembamba la kupitishia petroli, na ndani ya bakuli jeupe hakipotei.

Mkewe, Mbeyu binti Chome, alirudi kutoka shambani akaliona bakuli. Aliketi chini taratibu, jembe bado mkononi.

"Mume wangu," alisema, "hilo ni bakuli langu la kombe."

Mwero akaichopoa jeti upesi. Katika bakuli hilo Maalim Feisal, mganga wa Msambweni, alikuwa akiandika aya kwa zafarani, akaziosha kwa marashi, Mbeyu akanywa kombe hilo. Ndivyo alivyotulizwa pepo aliyempanda tangu usichana wake. Pepo huyo alikuwa na madai: kanga nyekundu, pete ya fedha, marashi kila Ijumaa. Alikuwa na miiko pia. Mbeyu asile pweza, asishike usukani wa gari. Mwero aliwahi kumfunza kuendesha, na siku hiyo hiyo pepo alimwangusha, akasema kwa kinywa cha Mbeyu kwa sauti nzito ya kiume hadi alfajiri. Bakuli lilikuwa mahali pa pepo huyo, na halikuguswa na kitu kingine.

Mwero akamuuliza anajisikiaje. Mbeyu aliweka kiganja kifuani, akatega sikio kama mtu anayesikiliza chumba cha pili.

"Mwepesi," alinong'ona. "Hayumo."

Pale juu ya gunia, koo la kabureta, ambalo halikuunganishwa na injini wala na kitu chochote duniani, lilivuta pumzi.

Maalim Feisal, aliyeitwa kwa simu, alifika kwa bodaboda jua likiwa la utosi. Aliinamia gunia, akasikiliza, akajitenga hatua kadhaa kabla ya kusema. Alieleza kwamba pepo amefukuzwa kitini mwake kwa petroli, akahamia kaburetani, kwamba ameudhika, na kwamba njia ni moja: litafutwe bakuli jipya na marashi, Mbeyu aweke mdomo kwenye koo la kabureta na kuvuta pumzi, pepo arudi alikozoea. La sivyo atamchukua kwa nguvu, na akimchukua kwa nguvu hatamwachia akili.

Mwero alikubali upesi. Aliona haya, na alitaka nyumba yake iwe kama jana. Alikuwa amekwisha kuinuka kutafuta marashi mkewe alipomshika shati.

"Maalim, nakuheshimu," alisema Mbeyu. "Lakini nimemlisha, nimemvisha, na hata siku moja hakuniambia ahsante. Harudi humu."

"Mbeyu," ilisema sauti kutoka ndani ya chuma, nzito, ya taratibu. "Nina kiu."

"Kunywa petroli," alijibu Mbeyu. Kisha akamgeukia mumewe. "Ifunge. Kila kipande mahali pake."

Mwero akaanza kuifunga. Aliweka boya, akaweka sindano yake, akaweka gasketi aliyoikata mwenyewe kwa karatasi ngumu, na kila alichokiweka kikawa baridi chini ya vidole vyake ingawa jua lilikuwa linachoma mabati, na harufu ya waridi ikazidi mpaka ikawa tamu ya kutapisha, kama maua yaliyosahauliwa juu ya maiti, na koo likamvuta ncha za vidole kama mtoto anyonyavyo, kisha sauti iliyokuwa ya kiume ikageuka ikawa ya Mbeyu, ikamwita kwa jina la siri ambalo mkewe humwita wakiwa wawili tu, ikamsihi aache, inaumia, na Mbeyu mwenyewe amesimama pale mbele yake mdomo umefumbwa.

Ilibaki jeti kuu. Mwero aliiinua kwenye mwanga, akaona tundu limeziba, jeusi.

"Petroli bado haipiti," alisema.

"Husafishwaje?"

"Hupulizwa. Kwa mdomo."

Maalim Feisal akainua mkono kuzuia, lakini Mbeyu alikuwa amekwisha kuichukua. Aliiweka midomoni. Macho yake yakageuka meupe, shingo ikakakamaa, mishipa ikasimama, na Mwero alijua kwamba kile kitu kinaingia. Akamkamata mabega.

"Usivute," alimwambia sikioni. "Puliza, mke wangu. Wewe puliza."

Mbeyu alipuliza. Alipuliza bila kukoma, na tundu likatoa mluzi mwembamba, mrefu, uliofanya kuku wa jirani wakimbie. Kisha kimya. Alitema mate mekundu, akampa mumewe jeti. Tundu lilikuwa safi.

Kabureta ilipokazwa kwenye injini, Mbeyu alijifunga kanga kiunoni, akaingia upande wa usukani bila kumuuliza mtu. Gari likawaka papo hapo. Walimpeleka Maalim kwao Msambweni. Alipoteremka hakuaga.

Wakageuza kurudi. Walipokaribia njia ya kuingia Kinondo, harufu ya waridi ikapanda kutoka chini ya dashibodi. Mwero aliinamisha macho, akaona ufunguo wa gari mapajani mwa mkewe. Injini ilikuwa inanguruma.

"Mbeyu," alisema polepole. "Ufunguo."

"Nimeutoa zamani." Hakupunguza mwendo, wala hakukata kona ya nyumbani. "Leo madai ni yangu. Twende mpaka Ukunda nikale pweza."

Injini ikakwama, ikakohoa, ikataka kuzima. Mbeyu aliipiga dashibodi kofi moja.

"Sijakwambia usimame."

Ikaendelea.