Kipa Aliyekaa Benchi

Kila siku ya shule, saa tisa na nusu alasiri, basi la manjano lilimshusha Larysa Hrynchuk mbele ya nyumba ya wazee badala ya kwao. Alivua buti zenye theluji mlangoni, akavaa ndala zake, akaenda moja kwa moja hadi chumba namba kumi na moja. Babu yake, Mzee Metro, alikuwa tayari ameketi dirishani, penseli imekaa nyuma ya sikio.

"Haya, mjukuu, leo barafuni kuna nini?" Hivyo ndivyo alivyomsalimu siku zote.

Katika nyumba ile, wazee kumi na wawili walikuwa na mchezo wao. Kila siku yenye mechi za hoki ya barafuni, kila mzee alichagua kwenye simu kikosi cha wachezaji kutoka timu zote zinazocheza jioni hiyo: washambuliaji watano, mabeki wawili na kipa mmoja. Kila mchezaji alikuwa na thamani yake kwa namba, na jumla ya kikosi kizima haikuruhusiwa kuzidi mia moja. Bao lilileta pointi, pasi ya bao ilileta pointi, na kipa alipata pointi kwa kila shuti alilozuia. Asubuhi nesi Marites aliandika matokeo kwenye ubao wa ukumbini, na hapo wazee walitaniana mpaka chai ikapoa.

Macho ya Babu Metro hayakuweza tena kusoma maandishi madogo ya simu, na vidole vyake vilitetemeka. Kwa hiyo Larysa ndiye aliyekuwa macho na vidole vyake. Lakini kichwa kilikuwa cha Babu.

"Usimfuate mtu kwa sababu ya jina lake," alimfundisha. "Tazama anacheza pembeni ya nani. Huyu Marchuk hana jina, lakini leo yuko mstari mmoja na nahodha wao. Nahodha akifunga, pasi imetoka wapi?"

"Kwa Marchuk!"

"Umeona sasa. Na wale wa timu ya Calgary walicheza jana, wakasafiri usiku. Miguu yao leo ni mizito. Waache."

Kipa alichaguliwa mwisho. Timu hazitangazi mapema kipa yupi atacheza, ila wapenzi wa hoki wanajua dalili moja: katika mazoezi ya asubuhi, kipa atakayecheza jioni ndiye anayetangulia kutoka barafuni. Waandishi wa habari huwepo na huandika. Kazi ya Larysa ilikuwa kusoma habari hiyo kwenye kompyuta ya maktaba ya shule wakati wa chakula cha mchana.

Jumatatu moja ya Februari, hakusoma. Rafiki zake walimwita kuteleza kwenye kiwanja cha barafu nyuma ya shule, jua lilikuwa limetoka, na kengele ikalia kabla hajakumbuka.

"Winnipeg wana makipa wawili," Babu alisema alasiri ile. "Dahlstrom na Peltier. Nani alitoka kwanza?"

Larysa alifungua mdomo aseme hajaangalia. Lakini Babu alikuwa amemwinamia kwa uso uliojaa imani, naye Larysa akaona haya.

"Dahlstrom," alisema.

"Una hakika?"

"Ndiyo, Babu."

"Basi mweke Dahlstrom."

Jioni ile Peltier alisimama golini na kuzuia mashuti thelathini na nane. Dahlstrom alikaa benchi, kofia kichwani, akiwafungulia wenzake mlango wa kuingilia uwanjani. Hakuleta hata pointi moja. Kikosi cha Babu, kilichokuwa cha pili ubaoni, kikaporomoka hadi cha tisa.

Kesho yake Larysa alipofika, Mzee Kowalchuk wa chumba namba nane alikuwa ameegemea mlango wa Babu, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Metro bwana! Umechagua kipa wa kufungua mlango! Kesho mchague na dereva wa basi lao!"

"Toka hapa, Kowalchuk. Wewe wiki jana ulimchagua mtu aliyevunjika mguu."

"Wangu alivunjika mguu, sawa! Wako ni mzima na hakucheza!"

Mzee Kowalchuk alipoondoka, Babu alifunga mlango taratibu.

"Larysa, hebu nisaidie. Jana ulinitajia Dahlstrom au Peltier?"

Palikuwa na nafasi ndogo ya kuponyoka pale, kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Larysa aliiona. Kisha akasema, "Nilisema Peltier, Babu. Wewe ndiye uliyesema Dahlstrom."

Babu hakubisha. Aliitoa penseli sikioni, akaitazama, akaiweka mezani.

"Ah," alisema. "Kumbe."

Siku hiyo hawakuchagua kikosi. Wala Jumatano. Babu alisema amechoka. Alhamisi alimwambia asilete simu tena. Larysa alidhani amekasirika tu kwa sababu ya kushindwa, na alijiambia kwamba itapita.

Ijumaa jioni mama yake alikuwa jikoni akichemsha pirogi za unga na viazi, na macho yake yalikuwa mekundu. Mezani palikuwa na karatasi.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Babu yako anaomba ahamishiwe ghorofa ya juu."

Ghorofa ya juu ilikuwa ya wazee waliopoteza kumbukumbu, na milango yake haikufunguka bila namba ya siri. Bibi Olha alikuwa ameishi huko miaka mitatu. Katika mwaka wa mwisho, kila Babu alipoingia na maua, Bibi alimwuliza, "Samahani, wewe ni nani?"

"Lakini Babu haumwi!"

"Anasema ameanza. Anasema mtu alimtajia jambo, yeye akasikia jingine kabisa, na ana hakika nalo. Hata Bibi yako alianza hivyo. Hataki kutusumbua. Jumatatu nitaweka sahihi."

Maji ya pirogi yalichemka yakamwagika juu ya jiko. Larysa alianza kulia, na katikati ya kilio alisimulia yote: kiwanja, kengele, Dahlstrom, na uongo wa pili uliokuwa mbaya kuliko wa kwanza.

Mama alizima jiko. Hakupiga kelele. "Mimi siwezi kumwambia kwa niaba yako," alisema. "Vaa koti."

Babu alikuwa ameketi pale pale dirishani. Larysa alisimama mbele yake, buti zikiwa bado miguuni, theluji ikiyeyuka kwenye zulia.

"Babu, sikusoma habari siku ile. Nilisema Dahlstrom. Nilibahatisha tu."

Babu aligeuka kutoka dirishani.

"Ulisema Dahlstrom."

"Ndiyo."

"Na mimi nilisikia Dahlstrom."

"Ulisikia sawasawa, Babu. Hukukosea."

Mzee alijifunika uso kwa viganja vyake vikubwa, na mabega yakaanza kutikisika. Larysa hakuwahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya Bibi. Mama alitaka kumkaribia, lakini Babu aliinua mkono mmoja: ngoja.

Baadaye alivuta daftari kutoka chini ya mto. "Unajua siku hizi nilikuwa nafanya nini? Niliendesha basi la shule miaka thelathini na sita. Nimekuwa nikiandika majina ya watoto wangu wa basi, nione ni nani amenitoka akilini. Kila jina lililochelewa, nilisema, ndiyo hivyo, naondoka kama Olha. Nililala na daftari hili. Niliamka nalo."

"Nisamehe, Babu."

"Nimekusamehe ulipokuwa bado mlangoni. Ila usitafute tabasamu usoni mwangu leo. Sina."

Larysa aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimdondoka, naye hakuyafuta.

"Kaa," Babu alisema, na sauti yake ikawa laini kidogo. "Sikiliza vizuri, kwa sababu nataka ukumbuke hata nisipokuwepo. Ungeniambia, 'Babu, sikuangalia,' ningekugombeza dakika mbili, tukanywa chai. Kukosea kunamtokea kila mtu, na kosa lako unaweza kulibeba mwenyewe. Lakini uliposema uongo ulinitwika mimi. Nami nilikuamini wewe kuliko nilivyoyaamini masikio yangu mwenyewe. Anayekupenda ndiye unayeweza kumuumiza zaidi kwa uongo, kwa sababu hataangalia mara mbili."

"Sitarudia, Babu."

"Kesho utamwambia Kowalchuk na wengine wote, mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba nimeanza kusahau."

"Nitawaambia."

Mama alitoa ile karatasi mkobani, akaichana vipande viwili, akaenda kutafuta chai.

Babu alimpa Larysa penseli na daftari. "Andika. Mkono wangu umechoka. Nimefika mwaka wa kumi na tano."

Alitaja majina polepole, akifuata njia ya basi, shamba kwa shamba: watoto wa Sawchuk, mapacha wa Lindgren, msichana mdogo wa Pelly aliyeogopa mbwa. Larysa aliandika kila moja kwa herufi kubwa. Kisha Babu akanyamaza. Midomo yake ilisogea, lakini hapakutoka neno.

Larysa alitamani kumwambia si kitu, au kumtungia jina lolote lile. Hakusema. Alingoja.

"Huyu amenitoka kweli," Babu alisema mwishowe. "Nyumba yao naiona. Uso wake siuoni."

"Niandike nini, Babu?"

"Usiandike kitu. Acha mstari wazi, tuendelee."

Larysa aliuacha mstari ule wazi, akashuka kwenye unaofuata.