Kitovu Kina Mwenyewe

Walikutana mlangoni mwa lifti ya hospitali ya wazazi, saa ya kuona wagonjwa, watu wamebanana. Yeye mkunga, gauni jeupe limenyooka kwa pasi. Yule mtafiti amekumbatia boksi la barafu kama mtoto mchanga.

"Samaki hawauzwi wodini, kaka," mkunga alimtania.

"Si samaki, dada. Ni damu ya vitovu. Ina seli shina, zile zinazoweza kuzaa damu mpya. Tunatafuta dawa ya watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi."

Tangu hapo simu ya mkunga haikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, mtu wa barafu."

Mama yake akabaki kujiuliza nani anamchekesha bintiye peke yake jikoni.

Mchana mmoja mzazi alimuuliza, "Nesi, kitovu cha mwanangu kilikwenda wapi?" Mkunga alishtuka. Siku zote alidhani akina mama huombwa ruhusa. Akampigia mtafiti.

"Mliwauliza?"

"Mpenzi, vilikuwa vinakwenda kuchomwa. Kitu cha kutupwa kina mwenyewe?"

"Kina mama yake. Na mimi usinipigie."

Habari zikafika redioni. Wanasiasa wakawaka, wengine wakidai watoto wanauzwa. Kamati ya bunge ikaita wananchi watoe maoni: utafiti ule upigwe marufuku au la? Mkunga alipiga pasi gauni lake la buluu, tayari kwenda kumsema mtafiti hadharani.

Kabla ya siku hiyo, yule mzazi alileta mtoto kliniki. "Mtafiti wako alikuja kwangu," alisema. "Alikalia ndoo, akaniomba radhi. Nikamwambia sitaki damu ya mwanangu itumike. Akasema haitaguswa, akanishukuru kama vile nimempa. Kisha akaenda kwa jirani, naye akakubali. Anazunguka kwetu sote."

Mkunga alimpima mtoto mara mbili, macho yamejaa machozi.

Ukumbini, mwenyekiti alipompa nafasi, alisimama. "Mheshimiwa, huyu mtafiti alikosea. Mimi mwenyewe nilimnunia."

Watu wakacheka.

"Lakini amerudi kwa kila mama. Kuna watoto wanalia kwa maumivu ya mifupa wakisubiri dawa hiyo. Msiufunge utafiti. Wekeni sheria mama aulizwe kwanza, kabla uchungu haujamshika. Na akikataa, asinuniwe."

Wajumbe walinyoosha mikono, karibu wote. Pendekezo la sheria ya kuuliza likapita kwenda bungeni, maabara ikabaki wazi, na akina mama waliokaa nyuma na watoto wao wakapiga vigelegele.

Nje kwenye ngazi mtafiti alikuwa akimngoja, amevaa koti la kuazima, mikono yake mifupi.

"Naomba kuuliza kitu."

"Uliza."

"Utakubali nikuoe?"

"Na nikikataa?"

"Nitakushukuru. Kisha nitakwenda kulia ndani ya boksi langu."

Mkunga alimvuta mkono wa koti ufike kifundoni, haukufika.

"Basi usilie, mpenzi. Nimekubali. Ila kwa mama utakwenda kuuliza mwenyewe, na boksi uliache nyumbani."