Mto wa Ukurasa wa Tisini

Duka la fotokopi lilijaa wanafunzi, mashine zikinguruma, joto la karatasi likiwapanda watu usoni. Mhadhiri wa fasihi, ndani ya suti ya kijivu, alichungulia riwaya aliyoishika mwanamke wa mbele yake kwenye foleni.

"Samahani, bibie. Mhusika mkuu anakufa hapo, wewe umepigia mstari mto?"

Mwanamke aligeuka. Alivaa gauni la samawati, na kidole kilikuwa na wino. Kazi yake ilikuwa kusahihisha prufu za vitabu, kabla havijachapwa, katika shirika la uchapishaji.

"Wa kumlilia marehemu wapo. Mto umekauka tangu sura ya pili, nani kaujulia hali?"

Mhadhiri alicheka, kisha akaacha kucheka. Miaka kumi alikuwa akihakiki vitabu kwa kuuliza nani kamdhulumu nani, wala hakuwahi kuuliza msitu ulikwenda wapi.

Walipendana miezi minne. Jioni walisoma pamoja, mhadhiri akimwita "profesa wangu wa bure," naye akimpa kila alichowaza: kwamba wahakiki waisome ardhi kama mhusika, si kama pazia la nyuma ya wahusika. Jumapili moja msahihishaji alifungua gazeti akaikuta hoja yake nzima, hadi lile jibu lake la kwenye foleni. Jina lililokuwa juu ni la mhadhiri, peke yake.

Alimpigia simu. "Mpenzi, maneno yangu nimeyaona gazetini. Jina langu limeangukia wapi?"

"Laazizi, mawazo hayana hatimiliki. Halafu wewe si mhakiki, unasahihisha tahajia. Usinune, basi. Ijumaa nina mhadhara wa wazi. Nitumie mifano zaidi ya mto."

Aliivuta riwaya karibu. "Nitakutumia, kipenzi."

Alimtumia sentensi tatu alizozinakili riwayani neno kwa neno, na namba za kurasa. Hakuongeza hata nukta.

Ijumaa aliketi safu ya mbele, midomo myekundu, riwaya mapajani. Mhadhiri alipofika mfano wa tatu alipaza sauti: "'Aliukumbatia mto, akaulilia hadi alfajiri.' Ukurasa wa tisini! Hapa mwanamke na maumbile wanakuwa mwili mmoja!"

Msahihishaji akainuka, akampelekea kitabu. "Mwalimu, tusomee sentensi iliyotangulia."

Akasoma kabla hajafikiri: "'Alijitupa kitandani, akavuta shuka.'"

"Kumbe mto wenyewe wa pamba!" akaropoka mtu wa nyuma. Ukumbi ukavunjika mbavu.

Msahihishaji hakucheka. Hakurudi kitini pia. "Sasa waambie, ile mito miwili ya kweli ulionyeshwa na nani?"

Mhadhiri alijifuta jasho, akakisogelea kipaza sauti. "Hoja hii si yangu. Ni ya huyu dada. Niliichukua bila kumtaja."

Msahihishaji alitoka bila kumuaga. Wiki mbili hakupokea simu zake. Jumapili ya pili gazeti lilichapa masahihisho, jina lake kamili kwa herufi nzito. Simu ilipolia, akapokea.

"Umeiona, laazizi?"

"Nimeiona. Umekosea tahajia mara mbili."

"Nije unisahihishe?"

Aliifungua riwaya ukurasa wa kwanza.

"Njoo. Ila utasimama mlangoni kwanza. Nitakuuliza maswali kuanzia ukurasa wa kwanza, na ukishindwa hata moja, urudi ulikotoka."

"Mahabuba, riwaya ina kurasa mia tatu!"

"Basi njoo na kiti."