Banza Asifunge

Hadassa alichoka tangu asubuhi, kabla hata hajabeba nyanya zake kwenda soko la Shituru. Mume wake, Banza, alikuwa amelala kwenye mkeka. Tumbo na miguu vilivimba, macho yalikuwa ya manjano. Miaka mingi alichimba mawe ya shaba, na jioni alikunywa lutuku, ile pombe kali ya mahindi. Daktari alisema ini lake limeharibika. Hospitali walimsaidia kuacha lutuku.

Lakini hakupata nafuu. Tumbo lilibaki kubwa na mikono ilizidi kukonda.

Georgette, jirani yao, muuguzi wa kituo cha afya, alikuja kumwona. Huyo mama hajui kupamba maneno.

"Banza amekulya nini leo?"

"Hakuna," Hadassa akajibu. "Tuko ku jeûne tangu juzi, tunafunga kila wiki. Tunaombea foie yake, ile ini yenye kuharibika. Anakunywa paka munkoyo tu, imupe nguvu." Akaonyesha kikombe cha kinywaji hicho cha unga wa mahindi kando ya mkeka.

"Mama, uombe. Mi pia minaomba. Lakini huyu muntu asifunge! Foie njo inawekaka chakula cha akiba. Yake haiweze tena. Akikosa kulya, mwili unakulya nyama ya mikono yake. Angalia!"

Akainua mkono wa Banza. Ulikuwa ngozi na mfupa. Hadassa akaanza kulia. Alikuwa amejinyima pamoja naye, akiamini anamwokoa.

"Na munkoyo?" akauliza.

"Ikilala siku mbili, iko na pombe. Kwake hata kidogo ni sumu. Lutuku, bière, munkoyo, yote aache."

"Sasa akulye nini?"

"Bukari, maharagi, mayai, samaki mubichi ya kupika. Kidogo kidogo, mara mingi. Mbele ya kulala akulye tena kitu. Munyu upunguze sana, juu munyu unashika mayi mu tumbo. Makayabu, ile samaki ya munyu, hapana. Na dawa za docteur asiache."

Banza akafungua macho. "Minye nikulye, na weye unafunga? Mungu ataniona namna gani?"

"Mi nitafunga juu yako," Hadassa akasema. "Weye ukulye juu yangu."

Haikuwa rahisi. Banza alinung'unika kwamba maharagi bila chumvi hayana maana. Hadassa hakuwa na nguvu za kubishana. Aliweka sahani, akakaa hapo mpaka iishe. Rafiki mmoja alileta munkoyo, akarudi nayo.

Miezi ilipita. Tumbo lilipungua. Georgette hakuwadanganya: ini halikurudi kama zamani, na pombe Banza hataionja tena maisha yake yote.

Ijumaa moja Hadassa alifunga. Jioni alirudi kutoka sokoni, miguu inauma, njaa imemshika. Akamkuta Banza amesimama mbele ya mbabula, makaa yamewaka, anasonga bukari kwa mikono yake miwili.

"Ikala," Banza akamwambia, akimwonyesha kiti. "Leo weye njo utakulya mbele, mi nyuma."