Birika la Bi Mwanaharusi

Alasiri ilikuwa inakatika, na Mikdad, fundi bati wa Zinga, alikuwa anakusanya vifaa vyake, pale alipobishiwa hodi barazani.

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa bibi mmoja mwembamba, mgongo umeinama, kanga safi, mkononi kakumbatia birika kuukuu la shaba. Akajitaja kwa jina la Bi Mwanaharusi, wa Vigwaza. Vigwaza yote hiyo haina fundi? Mikdad alijiuliza, lakini akalipokea. Lilikuwa zito, limejaa maji, na kifuniko kimefungwa kwa utepe wa kaniki. Kwenye kitako palikuwa na tundu dogo lililozibwa kwa nta.

"Lizibe hivi hivi lilivyo," bibi akanong'ona. "Usilifungue."

Kisha akachungulia pazia la mlangoni.

"Nyumba hii ina mjamzito?"

Ebo! Mtu hujui katoka wapi, maji hajanywa, anakuuliza habari za matumbo! Nyuma ya pazia lile alikuwapo Shufaa, mkewe Mikdad, na mimba ya miezi saba. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na hii ya tatu waliificha hata kwa jirani wa ukuta mmoja. Tena tangu juzi mtoto alikuwa hachezi, na Shufaa alikuwa analia chini chini. Huyu ni mwanga, Mikdad akajisemea, kaja na macho yake.

"Hakuna, bibi. Mke wangu yuko kwao, Mbegani."

"Hakika?"

"Hakika."

Bibi akashusha pumzi, akasema anakwenda madukani na atarudi kabla ya Magharibi.

Mikdad akakoleza mkaa, akaweka chuma cha kulehemu. Alipobandua nta kwa kucha, aliweka bakuli chini kukinga maji.

Hakuna kilichodondoka.

Akainamisha birika. Maji yalisikika ndani, chwa... chwa... lakini hata tone halikutoka. Akagusa tundu kwa ncha ya kidole.

Kidole kikavutwa.

Taratibu. Kikaachiwa. Kikavutwa tena... Alikichomoa kwa nguvu, akakitazama. Ncha ilikuwa imefanya alama nyekundu ya duara.

"Audhubillahi!"

Angeliacha hapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini fundi ni fundi, na chombo chenye maji hakilehemeki, maana maji yanaiba moto wote na risasi ya kulehemia haishiki. Kila fundi anajua hivyo. Akalifungua lile fundo la kaniki, akapeleka birika nyuma ya nyumba na kulimimina kwenye mfereji wa chooni.

Yalitoka maji kidogo tu, kikombe hivi, yenye uvuguvugu, ingawa birika halikuwa limegusa moto. Yalinukia maziwa. Na birika likawa jepesi ghafla mkononi, jepesi kupita kiasi cha yale maji yaliyotoka.

Akalikausha, akalipaka tindikali, risasi ikashika vizuri. Akajaza maji ya pipani, akafunga kaniki fundo lile lile. Kule nyuma akamsikia Shufaa, aliyetoka nje kutia udhu.

"Nani kamwaga maji ya moto hapa? Nimeyakanyaga pekupeku!"

Bi Mwanaharusi alikuwa amesharudi, amesimama barazani. Alilipokea birika, akalitegea sikio. Akasikiliza kwa muda mrefu.

"Umelifungua."

"Wallahi sijalifungua, bibi."

Aibu ilioje, kuapa uongo na adhana inaanza! Bibi alikuwa anatazama pazia, maana Shufaa alikuwa amelisogeza kuuliza kuna mgeni gani, na tumbo lake lilikuwa limetangulia.

"Nilikuuliza, mwanangu," bibi akanong'ona. "Mara mbili."

"Ndani mlikuwa na nini?"

"Anataka mama. Huyo hataki kingine. Miaka yote nimemnywesha maji ya uvuguvugu, asiende kumtafuta wa kwake."

Akaliweka birika chini, hakulichukua tena. Akashuka barazani akitembea haraka, mabega yamenyooka, si yule bibi aliyekuja kainama. Mikdad akabaki anamtazama, na moyo ukaanza kumuuma kwa mawazo. Unampaje fundi birika lenye maji, ukamwambia asilifungue? Na Vigwaza mpaka Zinga, amepita mafundi wangapi?

Alikuwa anaogopa nyumba yenye mjamzito, au alikuwa anaitafuta?

"Bibi! We bibi!"

Barabarani hapakuwa na mtu.

"Baba, njoo!" Shufaa aliita kutoka chumbani, sauti imejaa furaha ambayo Mikdad hakuwa ameisikia tangu juzi. "Njoo upesi! Anacheza! Alhamdulillahi, mwanangu yu hai!"

Alikuwa ameketi kitandani, machozi yanamtoka, anacheka. Akaushika mkono wa mumewe, akaulaza tumboni.

Mikdad alisubiri teke.

Hapakuwa na teke. Chini ya kiganja chake, ngozi ya tumbo ilibonyea kidogo kwa ndani, na ncha ya kidole chake, ile yenye alama nyekundu, ikavutwa.

Taratibu. Ikaachiwa. Ikavutwa tena...

"Unamsikia?" Shufaa akauliza. Chumba kizima kilinukia maziwa.

"Namsikia," akasema Mikdad.